Pweza wa Pito

Wenzangu wadogo mnaobaki na chaki, mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kufundisha na kusimamia tafiti za wanachuo hapa Sumbawanga. Vyeo sitavitaja. Waliovipata wanajijua, na waliovikosa wanajijua zaidi. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, yaani kukaa na kijana mbele ya karatasi zake na kujaribu kutambua kama yeye na karatasi hizo wamewahi kukutana.

Nilikuja kutoka Mbeya, binti wa Kinyakyusa mwenye sanduku moja na vyeti vipya. Ndugu zangu walikuwa wamenionya kuhusu wachawi. Jina la mji huu, wenyeji watakwambia, maana yake ni kutupa uchawi, lakini watu wa mbali hawasikii lile neno la kutupa, wanasikia la uchawi tu. Sijawahi kuona mtu akipaa na ungo. Maajabu niliyoyaona mimi ni ripoti mbili zenye maneno yale yale, koma kwa koma, za vijana wawili walioapa kwamba hawafahamiani, na wote wawili walilala chumba kimoja bwenini.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Kasian, mkufunzi mkongwe, Mfipa wa huku huku, ambaye sweta lake la kahawia sikuwahi kuliona likipumzika. Ofisi yetu ilikuwa na meza mbili, dirisha lisilofungika vizuri lililoingiza upepo wote wa uwanda, na taipureta ambayo herufi yake ya "r" ilikuwa imekatika. Tukiandika tangazo tulitumia "l" badala yake. "Ratiba" ikawa "Latiba" na "karo" ikawa "kalo," na hakuna aliyelalamika, kwa sababu nusu ya chuo ndivyo walivyotamka, nami nikiwa mstari wa mbele.

Asubuhi hiyo hiyo Mzee Kasian alimwita kijana mmoja aliyeleta ripoti nene. Mimi nilikaa pembeni na kalamu, nikitarajia maswali makubwa ya nadharia niliyoyasoma chuo kikuu.

"Huyu mama uliyemwandika hapa," Mzee akasema, "ulifika kwake kweli?"

"Nilifika, mwalimu."

"Alikupa nini?"

"Alinipa maelezo, mwalimu."

"Maelezo hayaliwi. Alikupa nini?"

Kijana akatazama dari, akatazama dirisha, akanitazama mimi kana kwamba huenda nilikuwepo. Mzee akaifunga ripoti taratibu na kumrudishia. "Nenda kwake kwanza, ndipo uje kwangu."

Kijana alipotoka, Mzee akanigeukia. "Binti, katika uwanda huu huwezi kuingia nyumba ya mtu, ukamuuliza ana shamba kiasi gani, halafu utoke hivi hivi. Hata ikikosekana kabisa, utapewa kiazi. Aliyekwenda anakikumbuka kiazi."

Hilo ndilo somo la kwanza nililolipata kazini, na kusema kweli lilinisaidia kuliko shahada. Kwa miaka mingi niliuliza swali la kiazi. Wengine walitaja ugali wa ulezi, wengine uji, na mmoja, mkweli kupita kiasi, alisema amepewa pombe ya ulezi na hakumbuki mahojiano yaliyofuata. Huyo nilimpa alama nzuri kwa uaminifu na mbaya kwa takwimu.

Baadaye zikaja kompyuta, na nyuma ya kompyuta zikaja steshenari za mjini zilizouza ripoti zilizokwisha iva. Unachagua mada, jamaa wa steshenari anabadilisha jina lako na la mkoa, unaondoka na jalada la plastiki. Wakati huo wanafunzi wa cheti waliandika kwa Kiswahili, wa stashahada kwa Kiingereza. Siku moja nikaletewa ripoti ya cheti iliyoanza hivi: "Wakulima wengi Rukwa kwa Rukwa hukosa mbolea, na Rukwa nyingi serikali huchelewa kuileta."

Nilisoma mara tatu. Nikampelekea Mzee Kasian, ambaye alikuwa karibu kustaafu na macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Huyu," akasema, "ripoti aliyoinunua ilikuwa ya mkoa wa Mara."

Kompyuta ilikuwa imeambiwa ibadilishe kila "Mara" iwe "Rukwa," nayo ikatii kwa moyo wote. Mwenye ripoti alipoitwa alisema ni lafudhi.

Nasimulia haya ili msidhani udanganyifu umeletwa na simu. Simu zimeleta usafi tu. Mzee Kasian alistaafu, mimi nikabaki na meza zote mbili, na ikafika wakati ripoti zikaanza kuja zimenyooka kama nguo za harusi. Kiingereza ambacho mwanafunzi wetu hukikuta darasani na kukiacha hapo hapo kilianza kutiririka. Kila mtu alianza "kuzama kwa kina." Hakuna aliyekosea herufi. Nilikuwa nimezoea kumtambua mwanafunzi kwa makosa yake, kama mama anavyomtambua mwanawe kwa kikohozi, na sasa darasa zima lilikuwa halikohoi.

Nilipouliza, wakasema, "Madam, tunamuuliza mshikaji."

Mshikaji ndiye akili mnemba. Unaiandikia swali kwenye simu, inajibu kwa upole, haichoki, haina hasira, na haisemi kamwe "sijui." Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitia wasiwasi. Katika maisha yangu nimefahamiana na watu wachache wasiosema "sijui," na wote walikuwa na matatizo.

Sasa nifike kwenye kesi iliyonisumbua kuliko zote, katika mwaka wangu wa mwisho kazini. Nilikuwa nasimamia wanafunzi wawili wa stashahada. Wa kwanza ni Erasto, kijana wa Milanzi, hapa hapa mjini, kiongozi wa darasa, mcheshi, shati limepigwa pasi, anayesalimia "Shikamoo madam" kwa sauti ambayo hata ukiwa na hasira unajikuta unaitikia marahaba na kutabasamu. Yeye alichagua ulezi na kipato cha familia katika kata ya Pito. Wa pili ni Skolastika, binti wa wakulima wa mahindi wa huku juu, mpole, sauti yake lazima uisogelee. Yeye aliteremka bondeni hadi Milepa kuuliza kwa nini akina mama wanahifadhi mahindi kwa majivu wakati dawa ya wadudu ipo dukani.

Mwaka huo tulikuwa tumempata mkufunzi mpya, Baraka, kijana makini aliyekuja na kompyuta yake na programu ya kukamata kazi za mashine. Unaiwekea ripoti, inakupa asilimia. Chuo kizima kilifurahi. Mimi pia nilifurahi, maana nilidhani nitasoma kidogo.

Programu ikasema ripoti ya Skolastika imeandikwa na mashine karibu yote. Ya Erasto ikasema ni ya binadamu safi.

Nikaisoma ya Erasto. Ukurasa wa tatu ulinukuu kitabu kuhusu ulezi na maisha ya Wafipa. Mwandishi wa kitabu hicho nilikuwa mimi.

Sijawahi kuandika kitabu. Niliisoma nukuu ile tena, nikaona ni nzuri, imetulia, ina hekima. Nilijionea wivu. Baraka alipita, akachungulia begani kwangu na kusema, "Hongera sana, madam, sikujua. Kinapatikana wapi?"

"Na mimi nakitafuta," nikamwambia.

Nikamwita Erasto. Akaingia na tabasamu lake.

"Erasto, ulikwenda Pito?"

"Nilikwenda, madam."

"Kwa Mama huyu uliyemhoji, mkulima wa ulezi, ulipewa nini?"

Sasa, wanachuo hurithishana siri za wakufunzi, na swali langu lilikuwa linajulikana hadi mabwenini. Erasto alikuwa amejiandaa. Hakutazama dari hata kidogo.

"Alinikarimu sana, madam. Alinipa wali wa nazi na mchuzi wa pweza."

Nikadhani sijasikia. "Wa nini?"

"Pweza, madam. Wanasema ni chakula cha asili cha hapa."

"Wanasema akina nani?"

Akaugusa mfuko wenye simu. Kumbe kijana alimuuliza mshikaji mkulima wa Tanzania humkaribisha mgeni kwa chakula gani, na mshikaji, ambaye kwake nchi yetu yote ni ufuko mmoja mrefu, akamjibu kwa upole wake wote. Nawakumbusha wasiotufahamu: Pito ni kata ya mjini kwetu. Ukitoka chuoni kwa bodaboda utafika, utaongea na mtu, na utarudi ukute chai yako bado ina mvuke. Bahari sijui iko upande gani.

"Erasto, kwa nini hukwenda tu?"

"Madam, Pito naifahamu. Nimekulia hapo jirani. Niliona nikienda wataniambia yale yale ninayoyajua."

"Na pweza ulikuwa unamjua?"

Hapo tabasamu likaondoka.

Kesi zote mbili zikapelekwa kwenye kamati ya taaluma. Adhabu ya udanganyifu ilikuwa kufutiwa ripoti na kurudi nyumbani hadi mwaka unaofuata, na kwa msichana kama Skolastika wote tulijua kurudi nyumbani mwaka mmoja mara nyingi ni kurudi moja kwa moja. Asubuhi ya kikao alinikuta nje ya ofisi, kanga imekazwa mabegani kwa baridi.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hujaingia ndani?"

"Madam, nikisema sijatumia, wataniacha?"

"Kwani ulitumia?"

"Nilitumia."

Nilishikwa na uzito. Kichwani nilikuwa nimeshapanga hotuba nzima ya kumtetea, na hotuba yenyewe ilianza na "Huyu mtoto hajatumia mashine." Nilitamani kumwambia anyamaze, mengine aniachie mimi. Nikamtazama, nikaona anasubiri kwa kweli, kama mtu aliyefika njia panda na kumuuliza mwenyeji.

"Sema kilichotokea kama kilivyotokea," nikamwambia. "Mimi nitakaa karibu na wewe." Kisha nikaingia kikaoni, nikiwa mwenyewe sina uhakika na ushauri huo.

Mwenyekiti alikuwa mkuu wa chuo chetu, mtu wa Lindi, mwema, ambaye baridi ya Ufipa ilikuwa haijamsamehe tangu ahamie. Akaanza na Erasto.

"Ulitumia akili mnemba?"

"Sijatumia, mkuu. Mbele za Mungu."

Baraka akasema programu inakubaliana naye. Ikabidi nieleze habari ya kitabu changu, kisha habari ya chakula. Nilipotaja pweza mkuu aliinua kichwa ghafla.

"Pweza? Pito?" Akaweka kalamu chini. "Mimi nimetafuta pweza mji huu mpaka nimekata tamaa. Kijana, wanauza wapi?"

Aliuliza kwa dhati kabisa, na Erasto, kwa mazoea ya kumridhisha kila mtu, alifungua mdomo kumwelekeza. Kisha akaufunga. Kikao kizima kilicheka isipokuwa mkuu, ambaye ilimchukua muda kuelewa kwamba pweza hayupo, na nilimwonea huruma kuliko nilivyomwonea Erasto.

Zamu ya Skolastika ikafika, na kicheko kikaisha.

"Ulitumia akili mnemba?"

"Nilitumia."

Mjumbe mmoja akafunga faili lake palepale, kama mtu aliyekwisha shiba. Nikaomba binti aeleze alivyotumia. Akaanza chinichini, mkuu akamwambia aongeze sauti, akaongeza.

"Akina mama walinieleza kwa Kifipa na Kiswahili. Mimi nikaandika kwa Kiswahili. Kiingereza changu hakitoshi, nikaiomba inigeuzie. Ikageuza, lakini ikaongeza mambo. Iliandika kwamba akina mama hawatumii dawa kwa sababu hawana elimu. Hakuna mama aliyesema hivyo. Nikafuta. Ikaongeza tena kwa maneno mengine. Nikaigombeza."

"Uliigombezaje?" mkuu akauliza.

"Niliiandikia: wewe hukuwepo."

"Ikasemaje?"

"Iliomba radhi."

"Na akina mama wenyewe walisema ni kwa nini?" nikauliza.

"Walisema magunia yanakaa chumba wanacholala watoto. Mama mmoja aliniambia, 'Dawa inayoua mdudu usiku kucha, mwanangu naye anaivuta usiku kucha.' Hilo niliandika mwenyewe kwa mkono, sikutaka ligeuzwe. Lipo hapo kwa Kiswahili."

Lilikuwepo. Katikati ya ukurasa wa Kiingereza kilichonyooka, mstari mmoja wa Kiswahili ulikaa kama jiwe kwenye mchele, na mimi nilipousoma mara ya kwanza nilikuwa nimeuwekea alama ya kosa.

Mjumbe aliyefunga faili akasema sheria ni sheria, amekiri, basi. Nikauliza ni sheria ipi, maana chuo hakikuwa nayo. Hatukuwahi kuwaambia wanafunzi kipi ruhusa na kipi marufuku. Tulinunua mtego kabla ya kuweka uzio.

"Tukimfukuza huyu aliyesema ametumia," nikasema, "na kumwacha yule aliyesema hajatumia, tutakuwa tumewafundisha wanachuo wote somo moja, na watalielewa vizuri kuliko yote tuliyowahi kuwafundisha."

Baraka akasema kwa heshima, "Lakini mama, programu haina upendeleo."

"Baba, tasnifu yako ya shahada ya pili ipo kwenye hiyo kompyuta?"

"Ipo."

"Uliiandika haya mambo yameshakuja?"

"Bado kabisa. Tulikuwa tunahangaika na vitabu."

"Hebu iwekee."

Akaiwekea kwa kujiamini. Tukasubiri. Mtandao wa chuo chetu hauna haraka. Kisha nikaona shingo ya Baraka ikinywea taratibu ndani ya kola. Programu ilisema tasnifu yake imeandikwa na mashine, karibu yote.

"Mimi?" akasema. "Niliiandika mwaka mzima! Mke wangu shahidi!"

"Huenda na wewe ni mashine," mkuu akamwambia kwa upole, "hawajakuambia tu."

Baraka angeweza kukasirika. Aliifunga kompyuta, kisha akacheka hadi akafuta machozi, na tangu siku ile nilimheshimu. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza tuahirishe hukumu na kuandika mwongozo, na yeye ndiye aliyeuandika, kwa mkono wake, ili asishtakiwe tena.

Mwongozo ule mnao, lakini wengi wenu hamjausoma, kwa hiyo nausema hapa. Mwanafunzi anaruhusiwa kuitumia mashine kumnyooshea sentensi, kumtafsiria, kumuuliza maswali, hata kubishana nayo. Anaeleza mwishoni mwa ripoti aliitumia wapi na alikataa nini. Kila kitabu anachokinukuu awe amekishika au amekifungua mwenyewe, hasa kama mwandishi anakaa ofisi ya jirani. Takwimu na maneno ya watu yatoke kwa watu. Na msimamizi anakaa naye na kumuuliza ana kwa ana, programu iseme isemavyo. Kwa kifupi, mashine ruhusa kukusaidia kuandika ulichokiona Pito, ila haiendi Pito kwa niaba yako.

Ripoti ya Skolastika ilipita. Aliongeza ukurasa wa kueleza alivyoitumia mashine, na ukurasa huo ni mzuri kuliko mihadhara yangu mingi. Erasto alifutiwa ripoti, lakini kamati ilimpa nafasi ya kuirudia kabla mwaka haujaisha. Akaenda Pito. Alikwenda wakati wa mavuno ya ulezi, na mama wa kwanza aliyemfikia alimwambia hana muda wa kujibu maswali akiwa amesimama, kama anataka majibu ashike kisu wavune wote. Alirudi ofisini kwangu viganja vimechubuka, shati halina pasi.

"Madam," akasema, "nilikuwa nadhani Pito naifahamu."

"Umejifunza nini?"

"Kwamba ulezi hauuzwi wote. Mwingine unawekwa kwa ajili ya pombe ya kuwaita majirani walime. Kwenye hesabu ya kipato hauonekani, lakini bila huo shamba halilimwi." Akavitazama viganja vyake. "Na mshikaji hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

"Sikujua kama ni swali, madam."

Ripoti yake mpya ilikuwa na makosa ya Kiingereza kila mstari. Niliyasahihisha yote kwa furaha kubwa, kama mtu aliyesikia nyumba nzima imeanza kukohoa tena.

Kisha ikafika siku yangu ya kuagwa. Ukumbi ulijaa, wanachuo wameimba, keki imekatwa, Mzee Kasian ameletwa na mjukuu wake na kukalishwa mbele. Mkuu wa chuo akasimama na karatasi. Akasoma hotuba tukufu. Nilikuwa mwanga usiozimika katika anga la elimu. Nilikuwa daraja, nanga na mwenge, vyote kwa aya moja. Nilimwona Baraka akitazama viatu vyake. Mkuu akafika mwisho wa ukurasa na, akiwa bado na sauti ile ile ya kishindo, akasoma:

"Je, ungependa niifupishe hotuba hii au niiongezee vichekesho?"

Kutoka nyuma, nadhani ni Erasto ingawa siwezi kuapa, sauti ikajibu, "Ifupishe!"

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Mzee Kasian alilazimika kushikwa asianguke kitini. Mkuu alisimama pale, uso umemwiva, akaikunja karatasi mara mbili na kuitia mfukoni. Nilidhani atakaa. Hakukaa. Akasubiri kelele zipungue.

"Basi niseme mwenyewe," akasema. "Mama huyu mimi nilikuwaga namuogopa. Nikiandika tangazo nabandika mapema kabla hajafika, maana akilikuta mkononi mwangu atalisahihisha. Mara mbili nilitaka kuomba uhamisho kwa sababu ya baridi. Mara zote mbili alikuja ofisini na chupa ya chai, hakusema kitu, akakaa. Sijui alijuaje. Sasa anaondoka, na mimi hii baridi sijui nitamwambiaga nani."

Akakaa.

Nilisikia makosa mawili ya sarufi katika hotuba ile, na nikayaacha yapite.